Maksai Waliosubiri Amina

Nyie vijana mnaopanda basi Tabora asubuhi na usiku mnakula migebuka Mpanda, hamjui safari. Mara ya kwanza kwenda huko nilikwenda kwa treni, na treni ile haikuwa na haraka na mtu. Kaliua ilisimama mpaka abiria tukaanza kujuana kwa majina ya ukoo. Mbele zaidi ikasimama porini kabisa, hakuna stesheni wala kibanda. Tulipomuuliza mhudumu kulikoni, akajibu huku anachokonoa meno, "Imepumzika."

Mpanda nikapata lori la magunia matupu linalokwenda Majimoto kufuata mpunga. Nilikuwa kijana wa kuhamahama. Nilishachoka tumbaku ya kwetu Urambo, nikachoka na machimbo ya dhahabu bila kuiona dhahabu yenyewe, nikasikia huko Mpimbwe watu wanalima mpunga na wanatafuta wenye mikono. Lori likapita Sitalike, likaingia hifadhini, na mbung'o wakatupokea. Mbung'o wa Katavi hana adabu, anakuuma juu ya shati na juu ya koti, na ukimpiga ovyo anahamia kwa jirani.

Jirani yangu juu ya magunia alikuwa sista. Mtu mzima, mfupi, mikono mipana kama ya fundi seremala, amepakata kitu kizito kilichofungwa kwa kanga. Aliwaua mbung'o mmoja mmoja kwa kofi, bila kuacha kuongea na bila kuangalia. Kile kitu nilidhani ni sanamu ya mtakatifu. Lori liliporuka shimo kanga ikafunguka, kumbe ni kisu kipya cha plau.

"Unaangalia nini, mwanangu? Hujawahi kuona plau?"

"Nimezaliwa zizini, Sista. Baba yangu alikuwa na maksai."

"Unajua kulima nao?"

"Najua."

"Unajua kusubiri?"

Nikacheka. "Sista, mimi nimetoka kwenye treni."

Naye akacheka, akasema, "Basi tushuke wote." Nikashuka naye, kati ya Majimoto na Kasansa, kwenye nyumba ya masista Wabenediktini wenye shamba. Ndivyo nilivyoajiriwa. Lile swali la kusubiri nililichukulia kama utani, na hasira yangu yote ya miaka iliyofuata ilitoka hapo.

Huyo ndiye Sista Benadeta, mkuu wa shamba. Magoti yalikuwa yameanza kumkatalia, ndiyo maana alitaka mtu wa kushika plau. Masista wenyewe walikuwa wanafanya kila kitu kingine, msidhani ni watu wa kukaa na rozari kivulini. Walipandikiza mpunga, walipalilia, walikamua ng'ombe, walifyatua tofali. Kanuni yao inasema sala na kazi, na hawali kwa mtu. Nimefanya kazi na wanaume machimboni wenye mashingo kama nguzo, na hakuna aliyeweza kuinama kwenye jaruba la mpunga tangu asubuhi kama wale wanovisi wembamba, wasichana waliokuwa bado wanajifunza usista.

Shida ilikuwa kengele.

Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya kanisa lao, kinapigwa kwa nondo. Asubuhi ililia, jioni ililia, na hizo hazikunihusu. Iliyonihusu ni ya adhuhuri. Siku yangu ya kwanza nilikuwa katikati ya jaruba, navuruga tope na maksai wawili, Zaburi kulia na Shukrani kushoto, kazi imenoga. Nikasikia ngo, ngo, ngo. Maksai wakasimama. Wote wawili, mguu mmoja hewani bado.

Nikawaita. Wakanyamaza. Nikampiga Zaburi fimbo ya mgongo, akageuza kichwa akaniangalia kama mtu anayeangalia mlevi msibani.

"Usimpige!" Sista Benadeta aliniita kutoka ukingoni. "Anatii kuliko wewe."

Masista wote walikuwa wamenyooka, miche mkononi, miguu topeni, wanasali. Kwanza zaburi za adhuhuri, za kupokezana, kisha Malaika wa Bwana. Waliposema Amina ya mwisho kwa pamoja, maksai wakavuta mnyororo ukachomoka, wakaondoka wenyewe. Plau likabaki. Lilikuwa limezama.

Hapo ndipo mnielewe. Aliyewahi kuvuruga jaruba anajua kwamba plau halitakiwi kusimama kwenye tope. Likisimama linakaa, tope linalimeza, na inabidi ulichimbue kwa mikono na jembe huku umeinama, matope yanakuingia hadi puani. Kwa hiyo kila siku ya Mungu, msimu mzima, kila baada ya sala yao mimi nilikuwa na zoezi la kufukua. Nilimwambia Sista, "Ng'ombe wamefundishwa vibaya hawa." Akasema amewafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama, ila si kwa makusudi. Alikuwa anasimama kusali, nao wanasimama. Siku moja akachelewa kuisikia kengele, wao wakasimama kabla yake. "Tangu siku hiyo," akasema, "ndio wananikumbusha mimi."

Nikamjibu kwamba mimi nina kumbukumbu yangu mwenyewe, sihitaji ya ng'ombe.

Walipokuwa wanasali nilikwenda kukaa ukingoni, nimewapa mgongo, natafuna muwa. Sista hakunilazimisha. Mara moja tu alisema, "Kaka Faustini, si ungesimama tu nasi? Hata usiposema kitu." Nikamwambia niliajiriwa kulima. Akasema, "Haya," akaendelea kupanga miche.

Lakini kazi nilijifunza kwake, na ninyi mnaokodi pawatila, hivyo vitrekta vya kusukuma kwa mkono, mkaanza kupiga picha kabla ya kulima, sikilizeni. Jaruba usilivuruge maji yakiwa mengi, huoni unachofanya. Maji yafunike kwato tu. Shingo ya maksai ishike kwa kiganja kila jioni, chini ya nira. Ukiona joto limebaki baada ya ngozi nyingine kupoa, kesho asifanye kazi, hata kama bwana shamba mwenyewe amekuja kutazama. Mimi niliwahi kupaka grisi ya trekta kwenye nira nikidhani nimegundua jambo. Shukrani akachubuka shingo nzima. Sista Benadeta hakunigombeza, alinipa samli na kitambaa na kuniambia nimpake mgonjwa wangu mpaka apone. Nilimpaka huku ananikanyaga kwa makusudi. Ng'ombe ana kinyongo, msidanganyike.

Na miche msiizeeshe kitaluni. Mche wa mpunga ukikaa sana unajifunga, ukiuhamisha unasimama pale kama mgeni asiyekaribishwa, hauzai machipukizi. Kila kitu kwenye mpunga ni kuwahi. Ndiyo maana nilikuwa nakasirika. Mnadhani nilikuwa napingana na Mungu? Nilikuwa napingana na kuchelewa.

Mwaka mvua zilipochelewa, Mama Mkuu alikuwa Sista Imelda. Mwanamke wa watu, mchapakazi, na sikuwahi kumlaumu. Vinywa vya kulisha vilikuwa vingi, wanovisi wameongezeka, wazee wanaumwa, na kila jirani alikuwa tayari ameshaanza kutumia pawatila. Aliitisha watu wa shamba akasema wazi, mbele ya Sista Benadeta:

"Mwaka huu tuone. Majaruba ya bondeni yakipandwa yote kwa maksai kabla mto haujajaa, maksai watabaki. Yasipopandwa, wanauzwa, tunachukua pawatila. Na Sista Benadeta atapumzisha magoti chumba cha kushonea."

Sista Benadeta akasema, "Sawa, Mama." Mimi nilitegemea agombe. Yaani mtu anaambiwa ataondolewa shambani alikokaa ujana wake wote, anasema sawa! Nilimfuata zizini.

"Sista, umekubali hivi hivi?"

"Niliweka nadhiri ya utii, kaka. Sikuweka nadhiri ya ng'ombe."

Lakini alikuwa ameshika pembe ya Zaburi, na aliendelea kuishika.

Bonde lile ndilo lilikuwa na udongo mzuri kuliko wote, mweusi, unaoshika maji. Likilimwa, nyumba inakula mwaka mzima. Mvua ziliponyesha zikanyesha kwa hasira, miche iko tayari, mto unapanda. Tukavuruga jaruba baada ya jaruba. Likabaki moja, kubwa, la pembeni, lililo karibu na mto. Ikabaki kazi ya kutwa moja bila kusimama. Nikaenda kwa Mama Mkuu mwenyewe, nimevua kofia.

"Mama, kesho kengele ya adhuhuri isilie. Nakuomba. Plau likizama kwenye lile jaruba la mtoni, jioni itatukuta tunafukua."

Alifikiri sana. Kisha akasema, "Kesho haitalia. Nitawaambia masista sala ya adhuhuri tutaisali jioni kanisani, wote pamoja. Asisimame mtu shambani kusali."

Nililala kama mfalme.

Kesho yake tulianza na umande. Sijawahi kulima vile. Maksai wanavuta, tope linageuka, wanovisi wanakuja nyuma wanapandikiza kwa mstari, Sista Benadeta anasambaza miche kutoka ukingoni. Mama Mkuu alikuwa amepanda bodaboda kwenda Majimoto kutafuta vibarua wa kuongeza nguvu. Jua likapanda. Kengele haikulia. Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Zaburi akasimama.

Shukrani naye akasimama. Kivuli changu kilikuwa chini ya miguu yangu. Ng'ombe wale hawakuhitaji reli ya mtu, walikuwa na jua.

Nikaita, nikabembeleza, nikavuta kamba. Hakuna. Masista wamenyooka, wanatazamana. Nikapiga kelele, "Sista! Salini basi, waondoke!"

Sista Benadeta akaninyooshea mikono miwili iliyojaa miche. "Kaka, tumeamriwa tusisali sasa."

"Si dakika chache tu!"

"Mama amesema asisimame mtu kusali. Mimi nitamvunjia neno lake kwa ajili ya ng'ombe wangu?"

"Kwa ajili ya chakula chenu!"

"Tuma mtu akaombe ruhusa."

Mniambie nyie, mngefanya nini? Wameamriwa wasisali ili maksai wasisimame, na maksai wamesimama kwa sababu hawajasali. Nilihisi kichwa kinapasuka. Novisi mmoja, Agata, akakimbia kwenda nyumbani kupiga simu, maana simu zao hawaingii nazo shambani. Plau limeanza kuzama. Nikapiga kelele, "Amina!" peke yangu, kama kichaa. Zaburi hata sikio hakutikisa. Alijua hakuna kilichotangulia.

"Wewe hujakatazwa," Sista Benadeta akasema. "Salisha wewe."

Nikaanza. Malaika wa Bwana nilifundishwa nikiwa mtoto, nani asiyeijua? Nikaanza kwa nguvu, nikaenda mistari miwili, nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Wanovisi walikuwa wanauma midomo. Walikuwa wanaijua yote, na hakuna aliyeweza kunidokeza hata neno moja, maana kudokeza ni kusali. Miaka yote ile nimekaa ukingoni nimewapa mgongo natafuna muwa, na sasa ng'ombe wawili wananingoja nimalize.

Shukrani akalala topeni.

Agata alirudi anahema. Simu ya Mama Mkuu haipatikani. Tukasubiri. Upande wa milima kukawa kweusi. Hatimaye tukaona bodaboda inakuja kwenye tuta, Mama Mkuu ameshika shela yake kwa mkono mmoja, na kabla haijasimama vizuri anapunga mkono anapaza sauti, "Salini! Salini jamani!" Wakasali. Walisali haraka kuliko nilivyowahi kuwasikia, na waliposema Amina, Zaburi akavuta, Shukrani akainuka, na mvua ikashuka kama imefunguliwa mlango. Tulifukua plau, tukalima ndani ya mvua ile, tukapanda ndani ya mvua ile, Mama Mkuu mwenyewe amekunja kanzu anapandikiza, mpaka mto ukapita juu ya kingo na miche ikaanza kuelea miguuni petu kama majani ya chai. Zaidi ya nusu ya jaruba ilibaki bila kupandwa. Tulitoka tumeshikana mikono tusichukuliwe na maji.

Jioni Mama Mkuu alinikuta zizini. Alikuwa amelia, au ilikuwa mvua.

"Siwaadhibu ng'ombe, kaka Faustini. Nina watu wa kulisha."

"Najua, Mama," nikasema. Na ndicho kinachoniudhi mpaka leo, kwamba alikuwa na haki. Hiyo pawatila waliyoinunua inavuruga bonde lile kwa muda ambao sisi tungekuwa bado tunafunga nira. Nilitamani awe mtu mbaya nimchukie, hakunipa nafasi.

Maksai walitafutiwa mnunuzi. Wakati tunasubiri walibeba kuni na maji, na kila adhuhuri walisimama. Mimi sasa nikawa nasimama nao. Msinielewe vibaya, nilisimama kwa hasira. Nilisema moyoni kwamba sala hii haitanishinda mara ya pili. Nikaisikiliza mstari kwa mstari, nikaishika yote, hata mahali masista wanapopumua. Sista Benadeta aliniona. Siku hiyo kwenye ugali wangu alikuja dagaa wa kukaanga na nyanya, na haikuwa sikukuu.

Mnunuzi alikuwa Mzee Masunga, Msukuma aliyehamia upande wa Kasansa na mifugo yake, mtu wa kimila, kanisa analiona kwa mbali. Nilipewa kazi ya kumpelekea. Sista Benadeta alikuja mpaka getini kwa fimbo yake. Alikuwa tayari na kifuniko cha kidole cha kushonea, amesahau kukivua.

"Mwambie ukweli kuhusu adhuhuri," alisema.

"Sista, nikimwambia hatawachukua. Na akiwachukua wakasimama, atasema wavivu. Unajua maksai mvivu anaishia wapi. Mnadani, kwenye moto wa nyama choma."

"Mwambie."

"Na wewe utakaa kule ndani unashona?"

"Nitakaa ninashona." Akampapasa Shukrani kwenye lile kovu la grisi yangu. "Nenda, jua linapanda. Usiwakimbize."

Nikashika kamba ya Zaburi. Nilikuwa na begi langu mgongoni, aliliona, na hakuniuliza. Shamba bila yeye na bila wale ng'ombe halikuwa na kazi yangu.

Sasa, Mzee Masunga hakunisubiri nyumbani kwake. Alikuja kunipokea njiani, na fimbo yake begani, amefurahi kama bwana harusi. Akawazunguka maksai, akawashika mapaja, akafungua midomo.

"Aisee, Mnyamwezi, hawa ni wanyama! Wanafanya kazi?"

"Wanafanya kazi kuliko mimi na wewe."

"Wewe sikushangai," akasema, "nyie kwenu mnalimisha wake zenu." Tukacheka, tukatembea. Nilikuwa natafuta maneno ya kuanzia. Nikasema tufike kwanza kwenye ule mti, nitamwambia. Tukaupita. Nikasema kwenye daraja. Kabla ya daraja, katikati ya barabara, Zaburi akasimama. Shukrani akasimama.

Mzee Masunga akawaita. Akapiga mluzi. Akageuka kuniangalia, na ile furaha ikaanza kumtoka usoni.

"Mbona wamegoma?"

"Hawajagoma."

"Wamesimama barabarani bila mzigo, unasema hawajagoma?" Akainua fimbo. Nikamshika mkono, mzee wa watu, mkubwa kuliko baba yangu. Bodaboda ikatupita ikipiga honi na muziki.

"Mzee wangu, usimpige. Wanasali."

"Ng'ombe?"

"Subiri kidogo."

Nikavua kofia. Nilikuwa na aibu, nilikuwa na hasira, vumbi la ile bodaboda limenijaa kinywani. Nikaanza Malaika wa Bwana kwa sauti, barabarani, peke yangu, sehemu ya kiongozi na sehemu ya kuitikia, nikipumua pale masista wanapopumua. Sikukwama. Niliposema Amina, Zaburi akainua mguu wake, Shukrani akafuata, wakaanza kutembea kuelekea Kasansa kama watu waliomaliza mazungumzo.

Mzee Masunga alibaki ameshika fimbo hewani. Kisha akaishusha, akatufuata. Nilisubiri aseme hawataki.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Jua likifika utosini. Wakipumzika hivyo, watakulimia mpaka jioni bila fimbo."

"Na lazima mtu aseme hayo maneno?"

"Lazima. Yote. Ukisema mwisho tu, wanajua."

Akatema mate pembeni, akafikiri. "Basi nifundishe. Taratibu, kichwa changu ni cha zamani."

Nikamfundisha njia nzima. Tulipofika kwenye zizi lake nikampa kamba, nikampapasa Zaburi shingoni, pale nira inapokaa, palikuwa pamepoa. Nikaondoka kwa miguu kufuata gari la Mpanda, na kwa masista sikurudi tena. Nilikuwa nimefika kwenye mgomba wa mwisho wa boma lake niliposikia Mzee Masunga anajifunza mwenyewe, kwa ile sauti wanayoitia ng'ombe kutoka malishoni, na alikuwa ameruka mstari mzima.

Nikaweka begi chini. Nikarudi kumsahihisha.